Doki Haijadedi: Kuwasha Skrini Mbili Kapolowe

Kabla urushe hiyo doki kwa kona ya keja na uanze kusema muuzaji alikucheza, tulia kwanza nikuchanue. Doki mob zenye wasee huita maiti ziko hai kabisa. Kenye zimekosa ni draiva, ama waya wa maana, ama stima ya kutosha, na hizo ngori tatu ukiziangalia kwa macho zinakaa sawa: skrini nyeusi, kimya. Nimeona hii kitu Nai, nikaiona Lubumbashi, lakini Kapolowe ndio ilinifanya nikae chini niandike, juu hapo mse akikosa kujua shida iko wapi anapoteza doo ya kujinyima miezi kwa kitu ingesortiwa na megabaiti chache.

Kama huijui Kapolowe, iko kwa barabara ya Lubumbashi (Lubum) kuenda Likasi, mkoa wa Haut-Katanga huko Kongo, kando ya ziwa Tshangalele. Ziwa lenyewe ni la kutengenezwa: mto Lufira ulizibwa na bwawa la Mwadingusha, na mtambo ukaanza kutoa stima 1930. Watu wa Likasi na Lubum wanajua Kapolowe juu ya samaki wa hilo ziwa. Sisi wengine tungefaa kuijua juu ya kitu ingine. Hiyo barabara ndio malori ya shaba na kobalti hupitia yakienda mpakani Kasumbalesa. Shaba iko ndani ya kila waya umechomeka kwa lapi yako. Kobalti iko kwa betri mob za lapi na simu, na zaidi ya nusu ya kobalti yote dunia inachimba inatoka Kongo hii. So nikiskia kijana wa Kapolowe ameambiwa mashine yake ni takataka, na hakuna mtu amejaribu hata kuangalia draiva, inaniuma vibaya.

Wacha nikuonyeshe mboka yenyewe. Huko wasee wa rika letu wanashikilia hasola inaitwa bureautique. Ni ka-chumba kenye printa, skana, lapi, na meza imeangalia mlango. Unaingia unachapiwa barua ya kuomba kazi, unapigwa picha ya pasi, unatolewa kopi ya cheti, unachorewa bango la harusi ama la kwaya. Usiku lapi hiyo hiyo inakata video ya harusi ya Jumamosi. Sasa weka hizo mboka zote kwa skrini ya inchi 14. Unafunga barua ndio ufungue picha, unafunga picha ndio uone video, kastoma amesimama nyuma yako akichungulia kwa bega.

Skrini mbili zinabadilisha huo mchezo mzima. Moja inamwangalia kastoma: anaona jina lake likichapwa, anakushtua umekosea herufi kabla karatasi iharibike. Ingine ni yako, video imenyooka kutoka mwanzo hadi mwisho, unakata ukiona. Doki ndio huleta hiyo raha. Waya moja wa USB-C unaingia kwa lapi, na hapo stima, monita mbili, kibodi, printa na intaneti ya waya zote zinapita. Jioni unachomoa waya moja, unatia lapi kwa begi, unaishia. Hakuna kupanga waya upya asubuhi. Kwa mse mwenye anabeba lapi yake home kila siku juu ya usalama, hiyo si anasa. Ni mboka.

Doki zenyewe ni za mkono wa pili. Ofisi za Ulaya na Dubai zikibadilisha vifaa, za kitambo zinauzwa kwa mafungu. Nai utazipata Luthuli na Moi Avenue. Za Katanga mob zinashuka Dar es Salaam, zinapanda lori hadi Tunduma, zinakata Zambia, zinaingia Kasumbalesa. Zikifika hazina boksi, hazina karatasi, saa zingine hata chaja si yake. Yule anauza hajui ndani kuna nini, na yule anabuy hana mahali pa kusoma. Ngori huanzia hapo.

Sasa skia vizuri, juu hii ndio rada ya maana kushinda zote: kabla ushike draiva yoyote, jua ni nani anachora picha. Doki ziko makabila mawili na hazitibiwi sawa.

Kabila la kwanza haichori kitu. Kadi ya grafiksi ya lapi yako, iwe ni Intel, AMD ama NVIDIA, ndio inachora, halafu picha inapita kwa USB-C ikiwa vile iko, na doki inaigawanya tu kwa monita. Hiyo njia inaitwa DisplayPort Alt Mode, na VESA, wale wenye huweka sheria za skrini, waliitangaza 2014. Doki za Thunderbolt pia ziko kwa hii familia, zinabeba DisplayPort ndani yake. Hapa draiva ya maana ni ile ya kadi ya lapi. Doki yenyewe haidai draiva ya picha.

Kabila la pili iko na chipu yake, na mob ni za DisplayLink, kampuni ilianzia Cambridge, Uingereza, 2003, halafu Synaptics wakainunua 2020. Hapa lapi inahitaji programu ya kujifanya kadi ya ziada. Programu inabana picha kama belo ya mitumba, inaisukuma kwa USB ya kawaida, halafu chipu ya doki inaifungua na kuitandaza kwa monita. Uzuri wake ni kuwa inafanya hata kwa tundu la USB la kitambo, lile pana. Ubaya ni kuwa bila hiyo programu, hakuna picha hata kidogo. Kila kitu kingine kitawaka na skrini itabaki giza.

Sasa unajuaje yako ni gani? Pindua doki usome stika. Ukiona jina DisplayLink, umejua. Kama stika imechunika, zima lapi kabisa, chomeka doki, funika lapi kama inaweza kuwaka ikiwa imefungwa, halafu washa na ukaze macho kwa monita ya nje kabla Windows iingie. Nembo ya kampuni ikitokea hapo, basi lapi inachora yenyewe, waya ni fiti, monita ni fiti, na shida iko ndani ya Windows. DisplayLink haiwezi kuonyesha kitu saa hiyo, juu programu yake bado haijaamka. Lapi zingine pia za Alt Mode hunyamaza hapo, so giza peke yake si ushahidi. Picha ndio ushahidi.

Kuna kijana wa bureautique moja hapo Kapolowe alinionyesha yake akiwa amekata tamaa. Aliniambia, "Yaya, ile kintu ilikufwa. Banasema nitupe. Souris inatembea, internet inatembea, paka écran njo inakatala." Hiyo sentensi ya mwisho ilinitosha. Mausi inatembea, intaneti ya waya inatembea, ni skrini tu imekataa. Doki iliyokufa haipitishi mausi. Hiyo ilikuwa doki hai yenye imekosa mtu wa kuchora.

Tukapindua, stika ikasema DisplayLink. Kwa kawaida Windows 10 na 11 zikikutana na hiyo chipu zinashusha draiva zenyewe kutoka Windows Update, wewe huhitaji kufanya kitu. Basi kwa nini yake haikushuka? Hapa ndio naomba kila msee wa hotspot asome mara mbili. Kama ungekuwa unalipia kila megabaiti, ungefanya vile alifanya: aliingia kwa setingi za Wi-Fi akawasha ile ya "connexion limitée", ndio Windows isimmalizie bando. Ni akili nzuri kabisa. Lakini hiyo swichi ikiwa juu, Windows haishushi draiva za vifaa vipya mpaka uiruhusu. Haikuambii kwa sauti, inanyamaza tu. Kwa hivyo doki ilichomekwa, Windows ikaijua, ikaona intaneti ni ya kupimwa, ikaacha.

Tulizima hiyo swichi kwa muda, tukachomoa doki na kuirudisha, tukaiambia Windows Update itafute. Monita zilipepesa mara moja, zikawaka, moja baada ya ingine. Halafu tukairudisha swichi juu, juu bando ni doo. Kama hutaki kuigusa kabisa, kwa setingi za vifaa kuna mahali pa kuruhusu draiva peke yake zishuke hata kwa intaneti ya kupimwa. Hiyo ndio mi hupendekeza: sasisho kubwa zinabaki zimefungwa, draiva zinapita.

Doki za kabila la kwanza ziko na dawa ingine. Ingia Gestionnaire de périphériques, juu lapi mob za huko ziko kwa Kifaransa, na ufungue sehemu ya kadi za grafiksi. Angalia jina. Ukiona Intel, AMD ama NVIDIA, sawa, endelea. Ukiona jina la Microsoft mahali pa hizo, umepata mchawi: lapi inaendeshwa na draiva ya dharura, ile ya kuwasha skrini moja tu ndio usikwame. Hii inakuanga mob kwa lapi zenye fundi alipiga Windows mpya akasahau draiva. Skrini ya lapi inaonekana, so kila mtu anafikiria grafiksi iko sawa. Haiko sawa. Hiyo draiva ya dharura haijui mambo ya monita za nje.

Lapi zenye kadi mbili ndio husumbua watu zaidi. Hizo za kukata video na kucheza gemu ziko na Intel ama AMD ndogo ya kuokoa betri, halafu NVIDIA kubwa ya mboka nzito. Kwa lapi zingine tundu la USB-C limeungwa kwa kadi ndogo, kwa zingine kwa kubwa, inategemea vile kiwanda kiliamua. Fundi anaweka draiva ya NVIDIA, anaona gemu inakimbia, anasema kazi imeisha. Lakini kama tundu lako linapita kwa ile ndogo na haina draiva, doki itabaki giza milele. Weka zote mbili. Na anza na zenye kampuni ya lapi imeweka kwa tovuti yake kwa modeli yako kamili, si ile mpya kabisa ya jumla. Draiva ya kampuni saa zingine iko nyuma kwa tarehe, lakini ilitengenezwa ikijua tundu lako limeungwa wapi na skrini yako inazimwa vipi.

Kuna pia ile ya "jana ilikuwa inawaka." Hapo ulizia kama Windows ilijisasisha usiku. Ikiwa ndio, rudi kwa hiyo kadi, fungua tabo ya Pilote, na utumie kitufe cha kurudisha draiva ya kitambo kama hakijafifia. Hiyo inamaliza kesi mob bila kushusha hata megabaiti moja. Ikikataa, kuna programu ya bure inaitwa Display Driver Uninstaller, wasee huiita DDU, inafagia mabaki yote ya draiva. Itumie ukiwa mode sans échec, na intaneti imezimwa, juu ukiacha intaneti wazi Windows itakimbia kuweka draiva yake kabla hujaweka yako. Muhimu: shusha draiva mpya kwanza, iweke kwa diski, ndio ufagie. Draiva za NVIDIA zinakuanga mamia ya megabaiti. Kufagia kabla uwe na mbadala mkononi, Kapolowe, usiku, bando imeisha, ni kujiumiza.

Kabla ufike huko kwa kufagia, bonyeza vitufe vya Windows, Ctrl, Shift na B pamoja. Skrini itapepesa, saa zingine inatoa ka-sauti, na draiva ya grafiksi inaanzishwa upya bila kuzima lapi wala kupoteza barua ya kastoma. Nimeona hiyo pekee ikirudisha monita yenye ililala haikuamka.

Sasa waya. Maze, waya umeua doki mob kwa maneno ya watu kushinda draiva yoyote. Waya wa USB-C wenye ulikuja na simu mob za bei ya chini ni wa kuchaji na data ya polepole tu. Hauna nyuzi za kubeba picha ya Alt Mode. Unaingia kwa tundu vizuri, unachaji lapi, mausi inafanya, na skrini hazitawaka hata uweke draiva ya dhahabu. Mse akipoteza waya wa doki anachukua wa simu juu unafanana kabisa. Tafuta mwenye ameandikiwa kasi ya gigabiti 10, 20 ama 40, ama ulikuja na doki nyingine. Na uwe mfupi. Kama doki ina waya wake umekwama ndani, huna hii shida, shukuru.

Stima nayo iko na tabia zake. Inachekesha moyo kwa uchungu kuishi kando ya ziwa lenye lilitengenezwa kwa ajili ya umeme na bado uwashe jenereta. Mtambo wa Mwadingusha ulifufuliwa, na 2021 mashine zake sita zikarudi kazini, jumla megawati 78, lakini migodi ya Katanga inakula stima mob na mitaa inasubiri. Stima ikishuka nguvu, doki ndio hulia kwanza. Inahitaji volti zake zikiwa zimetulia ili igawe kwa lapi, monita na vifaa. Zikishuka, chipu ndani inajiwasha upya, skrini zinapotea na kurudi, na wewe unalaumu draiva. Cheki kama zinapotea wakati friji ya jirani inaanza ama jenereta inabadilisha mlio. Kama ndio, dawa ni régulateur ya kutuliza volti, si draiva. Na chaja ya doki iwe yake kweli: volti sawa na wati za kutosha. Doki ya wati 130 ukiipa chaja ya 65 itawaka taa ikudanganye.

Baada ya stima kukatika vibaya, doki inaweza kubaki imeganda na chaji ya zamani ndani. Chomoa kila kitu, hata monita. Iache kidogo. Zima lapi, shikilia kitufe chake cha kuwasha kwa muda kama betri haitoki. Rudisha stima ya doki kwanza, halafu monita, lapi iwe ya mwisho. Mafundi wa ofisi kubwa hufanya hivi kabla ya kitu kingine chochote.

Dame mmoja anasoma Likasi yeye yuko Ubuntu ya Linux, na ngori yake ilikuwa tofauti kabisa. Draiva ya DisplayLink aliweka, ikasema imeingia, skrini giza. Kwa Linux hiyo draiva inategemea kipande kinaitwa evdi, kinachojengwa upya kila kerneli ikibadilika. Na kama lapi imewasha Secure Boot, kerneli inakataa kipande chenye hakijasainiwa. Wakati wa kuweka, Ubuntu huuliza nenosiri, halafu ukiwasha upya inakuletea ukurasa wa bluu wa kuthibitisha. Watu wengi wanaona huo ukurasa wanagwaya, wanaupita. Yeye pia aliupita. Aliporudi akathibitisha kwa hilo nenosiri, skrini zikawaka. Yeye ndio sasa anasaidia wenzake wa darasa, na nampa heshima zote.

Wa Mac nitawaambia kwa ufupi. Mac haigawanyi picha mbili tofauti kupitia njia ya MST, ile doki mob za Alt Mode hutumia tangu DisplayPort 1.2 ya 2010, so utaona monita mbili zikionyesha kitu kimoja. Lapi za M1 za kawaida, zile za 2020, zinakubali monita moja tu ya nje. Njia ya kupita ni DisplayLink, na ukiiweka lazima uiruhusu kurekodi skrini kwa setingi za faragha, ama itabaki giza.

Saa zingine draiva haina kosa na skrini inawaka lakini haikupi yote. Umepata monita ya 4K kwa bei poa, unaichomeka kwa doki ya USB-C, inakupa mizunguko 30 kwa sekunde, mausi inaburuta. Doki mob za USB-C zinatumia nusu ya njia kwa picha na nusu kwa data. Kwa DisplayPort 1.2 hiyo nusu ni karibu gigabiti 8.6, na 4K ya mizunguko 60 inataka karibu 12.5. Haitoshi, period. Lakini monita mbili za 1080p kwa mizunguko 60 zinaingia na nafasi inabaki. Kwa bureautique, mbili za 1080p ni bora kuliko moja ya 4K, na ni bei rahisi. Chukua hizo.

Na kuna doki zenye hazitawahi kufanya kwa lapi fulani. Msee mwingine alikuja na lapi mpya ya bei nafuu, tundu la USB-C moja, halina alama ya DisplayPort wala ka-umeme ka Thunderbolt kando yake. Tukasoma vipimo vya modeli: hilo tundu ni la data tu. Hakuna waya wala draiva ya kubadilisha hiyo. Ilibidi nimwambie ukweli wote, si nusu. Tulibadilishana doki yake na mwenye duka Likasi kwa adapta ya DisplayLink ya HDMI, na hiyo ikafanya, juu DisplayLink hupitisha picha kama data ya kawaida ya USB. Angejua siku ya kununua kuangalia hiyo alama, angeokoa safari.

Kitu kimoja nakataza kabisa: zile tovuti na programu zinaahidi kusasisha draiva zako zote kwa kubonyeza mara moja. Zinaleta matangazo, zinaleta draiva za modeli jirani, na zingine zinaleta virusi. Draiva ya lapi inatoka kwa kampuni ya lapi. Ya DisplayLink inatoka kwa Synaptics. Ya kadi inatoka Intel, AMD ama NVIDIA. Kwingine kote ni kucheza na mboka yako.

Windows 10 nayo Microsoft waliikatia usaidizi wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na lapi mob za Katanga bado ziko huko. Za Intel za kabla ya kizazi cha nane karibu zote haziingii kwa orodha rasmi ya Windows 11. Hiyo haimaanishi doki yako imeisha leo. Draiva zenye ziko tayari zitaendelea kufanya. Lakini kampuni zitaanza kutoa matoleo mapya yenye hayaijui Windows 10, na kurasa za modeli za kitambo huondolewa. So shusha sai. Weka installer kamili, si ile ndogo inashusha iliyobaki ikifunguliwa. Weka draiva ya grafiksi ya modeli yako, ya chipseti, ya Thunderbolt kama iko, ya DisplayLink, na ya intaneti ya waya ya doki, juu bila hiyo ya mwisho utarudi kwa bando.

Tumeanza folda ya hivyo kwa diski moja pale bureautique ya Kapolowe, imepangwa kwa jina la kampuni na modeli, na kila faili iko na tarehe. Kama uko Lubum na una intaneti ya nguvu, shusha na umpe dereva wa teksi ya Likasi flash, tunaipokea barabarani. Ukija na lapi ya modeli haijaingia kwa folda, njoo na chaja yake, njoo na waya halisi wa doki, na usikubali mtu akufutie draiva kabla tunakili zenye ziko ndani.